Fungu la Nne

Ngonga, 12 Februari 1911

Mpwa wangu Asajile,

Salamu kwanza, mengine baadaye, kama nilivyokufundisha ukiwa bado hujui kushika chaki. Sisi wa hapa tu wazima. Mama yako, dada yangu Tulinagwe, alisumbuliwa na goti mwezi wa Desemba. Sasa anatembea na anagombana na kuku kama zamani. Felista, mke wa kaka yako, hajambo. Binti yao Neli hajambo pia, amerefuka na meno yake yote yameota. Mimi nina kikohozi. Mto Kiwira umejaa, mpunga umesimama vizuri, na upepo umeangusha migomba mingi upande wa Ipyana lakini kwetu umepita tu.

Naandika Kiswahili, kama kawaida yetu. Kinyakyusa kingekuwa rahisi kwangu, lakini barua ya Kinyakyusa hapa husomwa na kila mtoto wa shule kabla haijamfikia mwenyewe. Hii ya Kiswahili mama yako namsomea mimi, na nachagua pa kuanzia.

Shule ina watoto kumi na tisa. Asubuhi tunafanya lile zoezi la kueleza unalolikumbuka: kila mmoja aandike kitu cha nyumbani kwao alivyokiona, bila kukitaja jina, mpaka wenzake wakitambue. Juzi Eliud aliandika hivi: "Ana tumbo kubwa, hana miguu, ukimpiga kofi analia vizuri, mama alimnunua kwa Wakisi." Alikusudia chungu cha wale wafinyanzi wa ziwani. Darasa zima likajibu kwamba ni babu yake. Nimempa alama, maana kosa halikuwa lake.

Baada ya hapo tunafanya hesabu ya mafungu, na huko ndiko ninakoumia. Nilileta boga moja, nikasema: watu watatu wagawane sawa, kila mmoja atapata nini? Neli akakata mafungu manne. Nikamwambia arudie kwa boga la pili. Akakata tena manne, safari hii kwa uangalifu zaidi. Nikawapa wengine vibao wachore, nikakuta watoto sita, pamoja na Neli, wamekosea namna ile ile. Nikajua wamenakiliana. Nimewapa kazi ya kufyeka majani kuzunguka shule siku mbili.

Sasa neno lenyewe. Kaka yako Ambokile aliondoka na mzigo kichwani Juni ya mwaka juzi, na tangu hapo hatujapata hata salamu. Mzee Angetile wa ukoo wenu ameanza kusema kwamba mtu wa namna hiyo aliliwe kama aliyekufa, mambo yaishe. Unajua maana yake. Akishaliliwa, nyumba yake, mkewe na ng'ombe wake ni vyako wewe mdogo wake. Ndiyo desturi, ingawa misheni ina maneno yake. Mama yako anasema mwanawe hajafa mpaka aje mtu aliyeona kwa macho. Basi nakuuliza, maana wapagazi wote wa huku hupita Kilosa, na wanaougua hupita mikononi mwako: je, umemwona Ambokile?

Barua yako ya mwisho ilikuwa na makosa manne. Nimeyapigia mstari, siku ukija nitakuonyesha.

Mjomba wako,
Hezekia, mwalimu


Kilosa, 2 Aprili 1911

Mjomba wangu mpendwa,

Nimepokea salamu zako na mistari yako pia, maana nahisi umepiga mstari hata kabla hujaipata hii. Mimi ni mzima. Kikohozi chako kipikie tangawizi, na uache kusimama mlangoni wakati wa mvua ukihesabu wanaochelewa. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya moto. Nimemtumia kitambaa cha kichwa, cha buluu, kwa mkono wa tarishi. Kikifika chekundu ujue kimebadilishwa njiani.

Kazi yangu ni ile ile. Naosha vidonda, nachemsha maji, na jioni naandika kwenye kitabu. Bwana Daktari anataka kila mgonjwa aliyeletwa bila ndugu aandikwe alivyo, ili siku mtu akija kumuulizia apate jibu. Mwenzangu huandika: "Mrefu, mweusi, wa kusini." Kwa maelezo hayo mimi mwenyewe ningekuwa nimelazwa mara mia. Nimemfundisha zoezi lako la kueleza bila kutaja jina. Analichukia kama nilivyolichukia mimi.

Kuhusu Ambokile, wapagazi wanaopita hapa ni wengi mno, Mjomba, na barabara ni ndefu.

Reli imeshatupita, inakwenda bara. Garimoshi likipita, vikombe vyote vya hospitali vinatetemeka, na wagonjwa wageni hudhani ni tetemeko la nchi. Mvua huku si kama ya kwetu, inanyesha na kuondoka bila kuaga.

Wale watoto sita usiwaadhibu tena. Waulize kwanza. Mimi mwenyewe ukinipa boga leo, sijui ningekata mafungu mangapi.

Wasalimie wote wa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake.

Mpwa wako,
Asajile


Ngonga, 21 Mei 1911

Mpwa wangu,

Barua yako imefika imelowa, nikaianika juu ya mkeka pamoja na mpunga. Kitambaa kimefika, ni cha buluu. Mama yako amekivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo na amesema "ndaga fijo", asante sana, mara nyingi hata nikachoka kuhesabu. Sisi wazima. Maji ya mafuriko yaliingia shuleni hadi kwenye kifundo cha mguu. Tulisoma tumekaa juu ya meza mbili, watoto wote kumi na tisa, na hakuna aliyeanguka ila mimi.

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu urefu wa barabara. Mwanafunzi akinijibu hivyo namrudisha mlangoni aingie upya. Basi nakurudisha mlangoni. Umemwona, au hukumwona?

Kuhusu wale sita ulisema kweli, na imeniuma kwamba umeiona ukiwa Kilosa mimi nikiwa hapa hapa. Nilimwita Neli nikamwuliza kwa nini anakata manne. Akasema, "La nne ni la baba." Nikamwambia, "Baba yako hayupo." Akanijibu kwa heshima zote, "Ndiyo maana anawekewa, Mwalimu." Nikawauliza wengine watano. Baba zao wote wako barabarani na mizigo ya watu.

Nikaenda kwa dada yangu kuhakikisha. Alikuwa amechoma ndizi. Akazigawa mafungu manne sawasawa: lake, la Felista, la mtoto, na la nne akaliweka ndani ya chungu, akalifunika kwa jani la mgomba, akakisogeza chungu karibu na moto. Asubuhi Neli hupewa lile fungu la nne kabla ya kuja shule, na jioni linawekwa jingine. Wamefanya hivyo tangu Juni ya mwaka ule. Watoto wamejua kugawa kwa kuona mama zao wakigawa. Mimi ndiye niliyewaletea hesabu ya watu waliopo tu. Nimewaambia kwamba shuleni tunahesabu waliopo. Neli akaandika "theluthi" kwenye kibao, vizuri kabisa, kisha akachukua kisu akakata manne. Wale sita niliwaomba radhi kwa ajili ya majani, jambo ambalo sijalifanya tangu nianze kufundisha.

Mzee Angetile ameweka siku. Watakaa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Wasipopata neno watamlilia Ambokile bila mwili, na wewe utaitwa urudi ushike nyumba yake. Mama yako amesema siku hiyo atakaa mlangoni, na anayetaka kuingia kulia ampite juu yake. Goti lake linajulikana, lakini sioni wa kumpita.

Ombi dogo: watoto wangu bado wanaeleza watu kwa "mzuri" na "mbaya". Ninakiamini kile kitabu chako cha hospitali. Nitumie maelezo ya mtu mmoja, yeyote, uliyoyaandika vizuri, niwasomee wasikie.

Makosa ya barua yako ni mawili. Unaendelea vizuri.

Mjomba wako,
Hezekia


Kilosa, 9 Julai 1911

Mjomba,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yote. Mimi si mgonjwa. Huku ni baridi asubuhi, na vumbi mchana.

Umenirudisha mlangoni, nami nimesimama hapo wiki mbili na barua yako mfukoni. Nilitaka kuijibu mara nne. Karatasi tatu nimewashia moto wa kuchemshia maji.

Zoezi uliloomba ni hili, kwenye karatasi ya peke yake. Nimelinakili kutoka kitabuni bila kubadilisha neno. Siku nilipoliandika Bwana Daktari aliniuliza kwa nini wengine wana mstari mmoja na huyu ana ukurasa mzima.

Asajile

(Geuza karatasi.) Mjomba, tafadhali lisome kwanza peke yako, kabla ya kuwasomea watoto.

*

ZOEZI

Mtu huyu ni mrefu, lakini urefu wake huonekana akiwa amelala tu, kwa kuwa akisimama huinamisha kichwa, mazoea ya milango mifupi. Bega la kulia limeshuka kidogo. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto ana kovu la jembe, urefu wake ni wa kidole cha shahada. Kidole kidogo cha mguu huo kimempanda jirani yake. Hapendi kufunikwa miguu. Hucheka bila sauti, mabega ndiyo yanayocheka. Akihesabu huanza na kidole kidogo, na akifika kwenye gumba husita kabla ya kuvuka mkono wa pili. Akipewa maji, huyanusa kwanza. Akipewa chakula, hula taratibu kuzunguka ukingo wa sahani, na tonge la mwisho halili. Hulisogeza upande wa kushoto wa sahani, kisha hutazama upande huo, ambako hakuna mtu. Mhudumu huliondoa tonge pamoja na sahani. Kesho yake hufanya vile vile. Asipoulizwa hasemi. Akiulizwa anatoka wapi, hujibu: "Penye mpunga na matope."


Ngonga, 3 Septemba 1911

Asajile, mpwa wangu, mwana wa dada yangu,

Hivi wewe una akili gani? Nakuuliza kwa furaha, lakini nakuuliza.

Tarishi alinikuta darasani, zoezi la asubuhi likiwa linaanza. Nilifungua, karatasi ya zoezi ikawa ya kwanza mkononi, nami nikasema, "Sikilizeni anavyoandika mtu aliyesoma hapa hapa." Nikasoma mstari kwa mstari, nikisimama kila mahali kuwaonyesha. Angalieni, hakusema mzuri, hakusema mbaya. Angalieni bega. Angalieni kidole kilichompanda jirani. Nilikuwa najivunia wewe, sikuwa namtazama yule mtu. Eliud akanyoosha mkono akasema ni mwalimu, kwa sababu ya kuinamisha kichwa. Wakacheka. Nikasoma mpaka lile tonge la mwisho.

Neli hakunyoosha mkono. Alisimama akasema, "Ni baba. Mimi ndiye hukaa kushoto."

Hapo ndipo na mimi nilipoliona lile kovu. Nilikuwepo siku lile jembe lilipomkata. Unajua pia kwamba Ambokile alikuwa akimkalisha binti yake pembeni yake wakati wa kula, jambo lililomuudhi mama yako kwa kuwa si desturi yetu mwanamume kula na mtoto wa kike, na tonge lake la mwisho lilikuwa la Neli siku zote.

Sikuweza kumzuia. Alikimbia na kibao mkononi mpaka nyumbani, akipiga kelele kwamba baba yuko hospitali kwa baba mdogo, analala, anakula, anacheka kwa mabega. Nilipofika mama yako alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na wanawake wa nyumba nne wameshafika. Mzee Angetile naye alikuja, akasikiliza, akasema kikao cha Oktoba hakipo tena. Amesema vizuri, bila kununa.

Sasa nyumba ya Ambokile imepakwa udongo upya. Mama yako amekwenda kwa miguu hadi ufukweni kununua chungu kipya kwa Wakisi, kikubwa, kwa kuwa mtu aliyetoka hospitali hula sana. Amevipiga makofi vyungu vyote vya soko kabla ya kuchagua. Fungu la nne limekuwa kubwa kuliko mengine matatu. Mimi nimenyamaza, ingawa si hesabu.

Felista aliniomba nimsomee karatasi ile mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, "Mbona hakutuma salamu?" Nikamwambia zoezi lilikuwa la kueleza mtu alivyo, salamu hazimo. Akaniambia asante, akaenda kisimani.

Maneno yako ya nyuma ya karatasi niliyaona baadaye. Nadhani ulitaka nipange jinsi ya kuwaambia. Ungeandika tu "Ambokile yuko kwangu", maneno matatu, mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Anaumwa nini? Lini anaanza safari? Andika upesi. Mama yako kila akiona tarishi anatengeneza kitambaa chake cha buluu.

Sikutafuta makosa. Sikuwa na nafasi.

Mjomba wako mwenye furaha,
Hezekia


Kilosa, 22 Oktoba 1911

Mjomba Hezekia,

Safari hii sianzi na salamu, nisamehe. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Ambokile amekufa. Alikufa Agosti ya mwaka jana, tarehe kumi na saba, hapa Kilosa, na mimi nilikuwepo.

Aliletwa na wenzake wawili, ana kichomi. Nilimtambua kabla hawajamtua. Alilala siku tisa. Siku mbili za kwanza alicheka nami, akaniuliza habari za Neli, akanikataza nisiandike nyumbani mpaka apone, kwa sababu mama angetaka kuja kwa miguu. Nikamkubalia. Hakupona, na lile katazo likabaki mikononi mwangu.

Maelezo yale nilianza kuyaandika siku ya sita. Sheria ya kitabu ni kwa wasio na ndugu, lakini niliandika hivyo hivyo, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kumfanyia. Nilipoanza alikuwa hai. Nilipoweka nukta ya mwisho hakuwa hai, na sikurudi nyuma kurekebisha. Ndivyo mlivyomkuta analala na anakula.

Sasa utaniuliza kwa nini nimenyamaza mwaka mzima na zaidi. Nimejiuliza kila siku. Kila nilipoandika "kaka amekufa" nilisoma chini yake maneno ambayo sikuyaandika: nipeni nyumba yake, nipeni mkewe, nipeni ng'ombe. Anayeleta neno ndiye anayerithi. Nani angeniamini kwamba nimelia? Mimi hapa nina mchumba, Maria, binti wa fundi seremala; sitaki nyumba ya kaka yangu, na nilimpenda Ambokile kuliko mtu yeyote. Nikaona heri mtu mwingine alitaje jina lake, si mimi. Nilidhani utasoma peke yako, utalitambua kovu, utafahamu kila kitu, kisha utasema wewe. Nilikutwika mzigo wangu bila kukuuliza. Halafu mtoto akaupokea.

Nimesoma habari za udongo mpya na chungu kipya nikatamani ardhi inimeze. Nimejichukia, Mjomba, na bado najichukia.

Nilimzika mwenyewe. Kaburi ni la tatu kutoka kwenye njia, nimelipanga mawe ya mtoni. Sikumfunika miguu kwa blanketi, maana hapendi. Udongo peke yake.

Tafadhali waambie kwanza kwamba sitaki chochote. Halafu ndipo uwaambie la kifo.

Asajile


Ngonga, 14 Januari 1912

Mpwa wangu Asajile,

Mama yako hajambo kwa mwili. Felista na Neli vivyo hivyo. Mimi kikohozi kimeniacha, nimetumia tangawizi. Mvua ni za wastani. Miche ya mpunga tumeshaihamisha, na watu waliofiwa walisaidiwa mashamba yao kama inavyotakiwa, kwa hiyo usihofu chakula.

Barua yako ilifika tarehe mbili Desemba. Niliisoma peke yangu.

Sikufuata uliponiambia nianzie. Nilianza na la kifo. Ukianza na mali, watu husikia mali. Nilimwita dada yangu ndani, nikamwambia Ambokile amekufa mwaka jana, Asajile alimshika mkono na Asajile alimzika. Aliniuliza kitu kimoja: kama ulimwona kwa macho yako. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akavua kitambaa cha buluu, akakikunja vizuri, akatoka kwenda kuwaambia wanawake waanze. Tulimlilia siku saba, tukaimba nyimbo za kanisa na zile zetu nyingine pia, na waliokuja kutoka Ipyana walitukuta tumeshazoea kulia. Ya kutotaka nyumba niliyasema siku ya nane mbele ya mzee Angetile. Alisema Felista akae kwenye nyumba yake na ng'ombe wamlishe mtoto, na kama una mchumba umlete aonekane. Hakuna aliyesema ulichokuwa unakiogopa. Labda wangesema kama ungeandika mapema, labda hapana. Hilo hutalijua tena, nami sitakupunguzia.

Nina la kwangu la kuungama. Felista aliponiuliza mbona hakutuma salamu, nilijua. Nilijua pale pale, kikombe changu kikiwa mkononi. Mtu hacheki na kuhesabu vidole kisha akakosa hata salamu kwa mkewe. Yeye naye alijua, ndiyo maana alikwenda kisimani na mtungi uliojaa. Lakini dada yangu alikuwa ameshapaka nyumba udongo, na mimi nilikuwa nimesoma karatasi ile kwa sauti ya mwalimu, nikisifu bega. Nikaona aibu kurudi nyuma. Nikakuandikia barua ya furaha na kukulazimisha wewe ndiye useme. Kwa hiyo katika kunyamaza mimi na wewe tumegawana nusu kwa nusu, na katika hesabu hii sijakosea.

Usijichukie tena. Unanichosha, na mama yako hakuzaa watoto wa kuchukiwa.

Shule tumefungua. Jumatatu nilileta boga, nikauliza lile swali la mwaka jana: watu watatu wagawane sawa. Sikutaka kumwita Neli, lakini ilikuwa zamu yake na darasa zima lilijua ni zamu yake. Alichukua kisu. Alilitazama boga kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akakata mafungu matatu, sawasawa kabisa, huwezi kuyatofautisha. Akasema, "Theluthi, Mwalimu." Nikampa alama. Nimefundisha miaka kumi na miwili, na ndiyo alama ya kwanza niliyoitoa nikitamani mtoto angekosea. Nilijifanya natafuta chaki.

Boga lilikuwa limechemshwa, kwa hiyo niliwaacha wale. Neli alikula fungu lake taratibu, kuzunguka ukingo. Kipande cha mwisho hakukila. Alikisogeza upande wake wa kushoto, bila kutazama, na kwa kuwa kushoto kwake sasa hukaa Eliud, Eliud akakila.

Mlete Maria kabla ya mavuno. Mama yako hukiweka kile chungu kikubwa juani kila siku kisiote ukungu, na anasema chungu cha ukubwa ule si cha watu watatu.

Mjomba wako,
Hezekia